Kwa nini Königsberg iliteka meli moja tu ya biashara mwaka 1914?

#1 Mndengereko Halisi
Wakuu, salama. Naomba wenye kuijua historia ya bahari waje hapa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Mjerumani alikuwa na manowari mbili nyepesi zilizowinda meli za biashara za Mwingereza katika Bahari ya Hindi. Ya kwanza ni Emden ya Karl von Müller, ambayo ilikamata zaidi ya meli 20 kabla haijateketezwa kwenye visiwa vya Cocos Novemba 9. Ya pili ni Königsberg ya Max Looff, ile iliyokuja kufia kwetu Rufiji. Mizinga yao ilikuwa sawa, 10 ya sentimita 10.5 kila moja, na kwa mwendo hazikupishana sana. Lakini Königsberg iliteka meli MOJA tu ya biashara, City of Winchester, tarehe 6 Agosti. Baada ya hapo hakuna tena.

Kwetu delta kila mzee ana habari ya manowari, mizinga na ndege za Mwingereza zikitoka Mafia. Habari ya meli ya chai huisikii. Mimi naanza kwa kudai hivi: Looff hakuwa mwindaji wa meli za biashara, alitaka kupigana na manowari wenzake. Mnaopinga leteni hoja.

#2 Kipanya wa Bandarini
Mkuu mbona inajulikana, hiyo meli ya Mwingereza si ndiyo ilizamishwa pale Unguja ikiwa imetia nanga?

#3 Mwalimu wa Zamu
#2, hapo umechanganya mbili. Iliyozamishwa Unguja ni HMS Pegasus, nayo ilikuwa manowari, si meli ya biashara. Ilikuwa Septemba 20, 1914, alfajiri, imezima mitambo ikisafisha boila. Waingereza 38 walipoteza maisha, na makaburi yapo kisiwa cha Chapwani mpaka leo.

City of Winchester ni habari ya wiki sita kabla. Ilikuwa meli ya kampuni ya Ellerman, inatoka Bara Hindi kwenda Uingereza na shehena ya chai ya msimu mpya. Königsberg ilitoka Dar es Salaam Julai 31, vita bado haijatangazwa. Nje kulikuwa na manowari tatu za Mwingereza zimekuja kuivizia, Hyacinth, Astraea na Pegasus yenyewe. Looff akaongeza mwendo katikati ya dhoruba ya mvua, akawapotea. Akaenda kaskazini hadi mlango wa Ghuba ya Aden. Siku ya sita ya Agosti akaipata City of Winchester pwani ya Omani. Ndiyo meli ya kwanza ya biashara ya Mwingereza kutekwa katika vita ile.

#4 Bin Sur
Niko Maskati, asili yetu Unguja. Naongezea alichoacha mwalimu #3.

Meli ile ilipotekwa haikuzamishwa palepale. Waliitia mabaharia wao wa kuiongoza, wakaipeleka visiwa vya Khuriya Muriya, pwani ya Dhofar. Huko ndiko walikoihamisha makaa, kiasi cha tani 400, kisha wakafungua maji ikazama, Agosti 12. Wafanyakazi wake wakapandishwa meli ya abiria ya Kijerumani iitwayo Zieten.

Sasa tazameni. Visiwa vile Sayyid Said bin Sultan, huyuhuyu wa Unguja, alimpa Malkia Victoria mwaka 1854, na havikurudi Omani mpaka 1967. Kwa hiyo Mjerumani aliiteka meli ya Mwingereza, akaenda kuivua makaa ndani ya ardhi ya Mwingereza, na hakuna aliyemwona. Huyu mtu mnamwita si mwindaji?

#5 Fundi Boila
Nimefanya kazi chumba cha mitambo miaka mingi, nitazungumzia ninachokijua. Jibu la #1 ni makaa ya mawe. Mengine yote yanafuata nyuma.

Manowari kama ile ikienda taratibu inakula makaa kwa kiasi. Ukiikimbiza maili 20 na kitu za baharini kwa saa, inabugia. Na Königsberg ilianza vita kwa kukimbia. Tangu siku ya kwanza nje ya Dar ilikuwa inachoma akiba. Halafu makaa iliyoyapata kwenye City of Winchester yalikuwa ya India. Makaa ya namna ile yana majivu mengi: unaikoroga tanuru kila mara, uchafu unaganda juu ya vyuma, mvuke haupandi inavyotakiwa, na moshi mweusi unaonekana kutoka mbali. Kwa meli inayojificha, moshi ule ni balaa.

Meli yake ya kuleta makaa ilikuwa Somali, ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika. Walipokutana huko kaskazini, karibu wiki mbili baada ya kuiteka City of Winchester, Königsberg ilikuwa imebakiza makaa ya kuhesabu kwa mikono, tani 14 tu. Nahodha mwenye tani 14 hawindi mtu. Anatafuta pa kula.

#6 Mndengereko Halisi
Fundi nakuheshimu, lakini Emden nayo haikuwa na bandari. Ilikula nini?

#7 Fundi Boila
Ilikula alichokiteka. Emden ilikwenda Ghuba ya Bengal, njia ya meli za Kalkuta, na humo meli zinazobeba makaa zilijaa. Ilipata Pontoporos ya Wagiriki iliyokuwa imekodiwa kubeba makaa ya Mwingereza. Baadaye ikapata Buresk, tena imejaa makaa mazuri, na Exford. Kila ikikamata, inashiba, inaendelea. Königsberg ilikamata chai.

#8 Kipanya wa Bandarini
Chai haichemshi boila 😂

#9 Baharia wa Raskazone
Fundi #5 yuko sahihi kwa upande wake, ila kuna jambo halijasemwa. Windo lilikimbia.

Mimi nipo kwenye meli za makontena. Mwishoni mwa 2023, baada ya Galaxy Leader kutekwa Bahari ya Shamu na Wahuthi, kampuni kubwa hazikungoja meli ya pili itekwe. Sisi tulipata amri tukiwa safarini tayari: geuza, pita Rasi ya Tumaini Jema. Meli moja kutekwa inatosha kuifuta njia nzima. Na mwaka 1914 Mwingereza aliposikia City of Winchester haijafika, alizuia meli zake bandarini, akabadilisha njia, na meli zenye askari kutoka India akazipa ulinzi. Looff alikuwa anatazama bahari tupu. Walioko ofisini hawaijui hali hiyo, unakesha na darubini na hakuna hata moshi.

#10 Mndengereko Halisi
Hoja yako nzuri Baharia. Lakini Emden ilianza kazi Septemba, baada ya Waingereza kujua kuna wawindaji baharini, na bado ilivuna. Kama meli zilizuiwa, mbona Bengal hazikuzuiwa?

#11 Baharia wa Raskazone
Kwa sababu Bengal walidhani ni salama, Emden walidhani iko Pasifiki. Ndiyo maana ilivuna wiki za mwanzo. Huku kwetu kila mtu alijua Königsberg imetoka Dar, magazeti yalijua, Aden ilijua.

#12 Dada wa Kigamboni
Mnasahau bandari. Baba yangu alikuwa rubani wa kuingiza meli Dar, mlango ule naujua kwa masimulizi ya mezani. Ni mwembamba na umejipinda, meli kubwa inaingia kwa hesabu.

Agosti 8, siku mbili baada ya City of Winchester kutekwa, Astraea ilikuja ikaipiga Dar es Salaam kwa mizinga, ikilenga mnara wa simu ya upepo. Wajerumani wenyewe wakazamisha chelezo kikubwa mlangoni ili Mwingereza asiingie. Gavana Schnee akataka mji ubaki nje ya vita, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao, akakasirika. Matokeo yake ni kwamba Königsberg ilifungiwa mlango wa nyumba yake na watu wake. Haina pa kutengeneza mitambo, haina pa kupeleka meli iliyoteka, na mnara wa kuipa habari umekwisha. Ukiteka meli yenye tani elfu kadhaa za mali, unaipeleka wapi? Unaizamisha tu.

Kwangu mimi kosa ni la nchi kavu. Looff msimwonee.

#13 Kipanya wa Bandarini
Naomba kuuliza, samahani kama nawatoa nje ya mada. Kuteka meli ya raia ikiwa na chai, ukaizamisha, hiyo si uharamia? Tofauti na Wasomali wa juzi ni nini?

#14 Wakili wa Pwani
#13 swali la msingi kabisa, na limeamua mengi.

Haramia anateka kwa faida yake. Manowari ya dola iliyoko vitani ilikuwa na haki ya kukamata meli ya biashara ya adui kama ngawira. Zamani hata watu binafsi walipewa hati ya mfalme ya kwenda kuteka. Azimio la Paris la 1856 likapiga marufuku hati hizo. Azimio hilohilo likasema bendera ya nchi isiyo vitani inalinda mali ya adui isipokuwa vifaa vya vita, na kwamba mzingiro wa pwani hauhesabiki mpaka uwe na meli za kutosha kuuzuia mlango kweli, kutangaza kwa karatasi hakutoshi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Unaisimamisha meli, kwa bendera na kwa mzinga wa kuonya. Unatuma ofisa na mashua kukagua karatasi: imeandikishwa wapi, mzigo wa nani, unakwenda kwa nani. Ikionekana ni ya adui, unaipandisha mabaharia wako na kuipeleka bandari yenye mahakama ya ngawira. Meli haiwi yako mpaka hakimu aseme. Kuizamisha njiani kuliruhusiwa kwa meli ya adui kama huwezi kuipeleka bandarini, kwa sharti kuwa watu wote na karatasi za meli viwe salama kwanza. Kwa City of Winchester watu wote walihamishwa. Looff alikuwa ndani ya sheria ya wakati ule.

Na mahakama hizo zilikuwapo hata huku. Unguja ilipewa mahakama ya ngawira mwaka huohuo 1914, pamoja na Misri. Kule London rais wake alikuwa Sir Samuel Evans.

#15 Mvita Kongwe
Kutoka Mombasa. Wakili umesema vizuri ila usitufanye tuamini Mwingereza alifuata karatasi siku zote. Vita vya Makaburu, Desemba 29, 1899, manowari HMS Magicienne ilikamata meli ya posta ya Kijerumani Bundesrath karibu na Delagoa Bay, Maputo ya leo. Ujerumani haikuwa vitani! Ikapelekwa Durban, ikafunguliwa mzigo, wakidai imebeba silaha na watu wa kuwasaidia Makaburu. Januari wakaikamata General pale Aden, kisha Herzog. Wakapekua, hawakukuta walichodai, wakaziachia na kulipa fidia.

Meli hizo zote tatu ni za Deutsche Ost-Afrika, kampuni ileile ya Somali aliyoitaja Fundi. Zilikuwa zikipita Tanga, Dar na Unguja kila mwezi, babu zetu wakipakia na kupakua. Na hasira ya Bundesrath ndiyo Tirpitz, mkuu wa majini wa Ujerumani, aliitumia kupitisha sheria ya manowari ya 1900, ya kuongeza jeshi la majini la Ujerumani mara mbili. Königsberg yenyewe iliingia majini 1905. Ukitaka kujua mtu aliyeizaa, anza na Magicienne.

#16 Wakili wa Pwani
Mvita, habari za Bundesrath ni kweli, lakini sheria ya 1898 ilikuwa imetangulia. Tirpitz alikuwa na mpango wake tayari, Bundesrath ilimpa kelele za wananchi tu.

#17 Mvita Kongwe
Kelele za wananchi ndizo zinazopitisha sheria bungeni, wakili.

#18 Mpemba wa Wete
Nyie mnakwenda Durban na London, mbona hamtazami hapa karibu? Ngawira sisi tuliijua kabla ya hao Wajerumani. Tangu miaka ya 1860 manowari za Mwingereza zilikuwa zikikamata majahazi yetu kwa jina la kuzuia biashara ya watumwa. Kuzuia biashara ile lilikuwa jambo la haki, silikatai hata kidogo. Lakini mabaharia walilipwa: pauni 5 kwa kila mtumwa waliyemkomboa, na jahazi lisilo na watumwa likilipiwa kwa ukubwa wake kwa tani. Basi jahazi kubwa tupu nalo likawa mali. Mengine yalichomwa motoni baharini, nahodha anaapa kwamba watu wake ni mabaharia na abiria, hana wa kumsikiliza. Malalamiko hayo hata Waingereza wenyewe waliyaandika.

Ndipo wenye majahazi wakakimbilia bendera ya Ufaransa, maana Mfaransa hakukubali meli zake zipekuliwe. Kapteni Brownrigg wa HMS London aliuawa Desemba 3, 1881 huku kwetu Pemba, aliposogelea jahazi lenye bendera hiyo.

#19 Bin Sur
Mpemba umenigusa. Watu wa Sur ndio waliokuwa na bendera hizo. Kesi ilifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, hukumu ikatoka Agosti 8, 1905, ikabana nani anaruhusiwa kupeperusha bendera ya Ufaransa. Wazee wetu wa Sur walijadiliwa The Hague na hawakuitwa kusema neno.

#20 Chuma cha Pua
Na mzingiro wa 1888 je? Wakati wa vita ya Abushiri, Mjerumani na Mwingereza waliungana kuifunga pwani nzima kuanzia Desemba 2, 1888, wakisimamisha majahazi kutafuta bunduki na watumwa. Mfanyabiashara wa Pangani mwenye pembe na ngozi aliathirika yeye. Miaka 26 baadaye haohao wawili wanatekana meli.

#21 Mndengereko Halisi
Wakuu naushukuru sana huu mchango lakini tumeshafika Pangani 1888. Turudi kwa Looff. Baada ya City of Winchester alifanya nini mpaka Septemba 20?

#22 Mwalimu wa Zamu
Alipoonana na Somali alijaza makaa, akashuka kusini. Mwezi wa Agosti kusi bado lina nguvu, na kuhamisha makaa kati ya meli mbili bahari ikichafuka ni kazi ya hatari, magunia yanabembea, meli zinagongana ubavu. Mwishoni mwa Agosti aliingia Majunga, Madagaska, akitarajia kukuta meli za Wafaransa. Bandari ilikuwa tupu. Septemba 3 akaingia Rufiji.

Na Rufiji aliingia kwa sababu meli ya upimaji Möwe ilikuwa imeshaipima delta. Ramani za Mwingereza zilionyesha kuwa meli ya ukubwa ule haiwezi kupita. Kwa hiyo naungana na #9: alijaribu. Majunga ni ushahidi. Hakukuta kitu.

#23 Mndengereko Halisi
Majunga inaonyesha alijaribu mara moja, sawa. Lakini alipopata habari kwamba kuna manowari ya Mwingereza imetia nanga Unguja, aliacha yote akaenda usiku uleule. Mtu anaonyesha roho yake kwa kile anachokikimbilia. Von Müller naye alipiga Penang, alizamisha manowari ya Urusi huko, lakini alirudi kwenye meli za biashara.

#24 Fundi Boila
Mndengereko unang'ang'ania roho ya mtu, mimi nakurudisha kwenye chuma. Baada ya Unguja alikusudia kurudi Ujerumani kwa kuzunguka Rasi. Mitambo ikagoma. Sehemu za boila zikafunguliwa ndani ya mikoko, zikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, zikatengenezwa karakana, zikarudishwa. Kwa mikono ya nani?

#25 Mndengereko Halisi
Kwa mikono ya kwetu. Hilo naweza kulisema bila kitabu. Babu wa mama yangu alikuwa mmoja wa waliovuta. Alivyosimulia kwa watoto wake, vyuma vilifungwa juu ya magogo, watu wanavuta kwa kamba, wengine mbele wanafyeka mikoko na kutandika matawi ili gogo lisizame kwenye tope. Mnyapara akipiga filimbi mnavuta, akipiga tena mnasimama. Aliyeanguka alivutwa pembeni. Bega lake la kushoto lilibaki na alama ya kamba mpaka anakufa. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kukata boriti za mikoko za kuuza kwa majahazi, na majahazi hayo yakakoma kuja kwa sababu ya vita. Kwa hiyo alipoteza biashara, kisha akavutishwa mtambo wa waliosababisha aipoteze. Katika hadithi za Emden na Königsberg watu hawa hawatajwi hata kwa idadi, na hili linaniuma.

#26 Dada wa Kigamboni
Asante kwa hilo. Liandike vizuri, hao wazee wakiondoka hakuna wa kumwuliza.

#27 Mmwera wa Lindi
Delta iligunduliwa kwa sababu ya Lindi, msitusahau. Oktoba 19, 1914, HMS Chatham ilituma watu kwenye meli Präsident iliyokuwa imejificha mto Lukuledi. Wajerumani walidai ni meli ya hospitali. Waingereza walipekua wakakuta karatasi zinazoonyesha imepeleka makaa Rufiji. Hapo ndipo walipojua. Oktoba 30 Königsberg ikaonekana.

Karatasi za meli ya biashara ndizo zilizoua manowari. Wakili alisema ofisa anakagua karatasi kwanza, mmeona faida yake.

#28 Wakili wa Pwani
Mmwera umenikumbusha jambo. Meli ya hospitali ililindwa kwa masharti: itangazwe kwa adui mapema, ipakwe rangi yake, isibebe chochote cha vita. Präsident haikuwa imetangazwa. Novemba 28 pale Dar es Salaam mvutano ulikuwa huohuo. Manowari za Mwingereza Goliath na Fox zilikuja kuharibu mitambo ya meli tatu za Kijerumani, König, Feldmarschall na Kaiser Wilhelm II, ili zisitoke. Ndani ya bandari kulikuwa pia na Tabora, meli ya hospitali. Waingereza walipoingia na boti zao walipigwa risasi kutoka ufukweni. Kamanda Ritchie alipata nishani ya Victoria kwa siku ile. Kila upande ukamlaumu mwenzake kwa kuvunja bendera nyeupe.

#29 Mtu wa Kalemie
Jambo wote, niko Kalemie, upande wa Congo. Sisi Ziwa Tanganyika tulikuwa na ngawira yetu. Desemba 26, 1915, boti za Waingereza Mimi na Toutou zilizoletwa kwa njia ya porini kutoka Cape zilipiga Kingani ya Wajerumani, wakaikamata, wakaitengeneza hapa Lukuga na kuipa jina Fifi. Ikaenda kuwapiga wenyewe waliokuwa nayo. Hakuna mahakama iliyokaa, Wakili.

#30 Kipanya wa Bandarini
Mimi, Toutou, Fifi. Aliyetoa majina hayo alikuwa na watoto wadogo nyumbani.

#31 Wakili wa Pwani
#29, Kingani ilikuwa na bendera ya vita na mzinga. Manowari ya adui ikikamatwa inakuwa mali ya dola palepale, haihitaji hakimu. Mahakama ni kwa meli za biashara.

Na kwa kuwa Mpemba alizungumzia malipo: mwaka 1914 Mwingereza aliacha kugawa fedha kwa meli iliyokamata peke yake. Thamani ya ngawira iliwekwa mfuko mmoja, ikagawiwa mabaharia wote baada ya vita. Fedha iliyokuwa ikivuruga nahodha katika miaka ya majahazi ya watumwa ilikuwa imeondolewa.

#32 Mpemba wa Wete
Imeondolewa walipokuwa wanatekana wao kwa wao. Kwa majahazi yetu haikuondolewa. Nimesema.

#33 Mmakonde wa Mtwara
Kuna aliyefuatilia Zieten iliishia wapi? Ile iliyobeba watu wa City of Winchester. Ilikimbilia Msumbiji kwa Mreno asiyekuwa vitani, ikakaa. Februari 1916 Ureno, kwa kuombwa na Mwingereza, ikazishika meli zote za Wajerumani zilizokuwa bandarini mwake. Machi 9 Ujerumani ikaitangazia Ureno vita. Zieten ikaitwa Tungue, jina la ghuba iliyo karibu na mpaka wetu, na 1917 ikazamishwa na nyambizi ya Kijerumani. Aprili 1916 Wareno wakavuka wakachukua Kionga kutoka kwa Mjerumani, ambayo mpaka leo iko Msumbiji. Kwa hiyo meli zilizoshikwa bandarini zimehamisha mpaka wa nchi, na watu wa Kionga wana ndugu Mtwara upande huu.

#34 Baharia wa Raskazone
Safi sana Mmakonde. Basi na mimi nitoe ya nyumbani Tanga. Rubens ilikuwa meli ya biashara ya MWINGEREZA, ilikutwa Hamburg vita vilipoanza, ikashikwa. Wajerumani wakaipaka rangi, wakaipa jina Kronborg na bendera ya Denmark, wakaweka mabaharia wanaojua Kidenmaki chini ya Carl Christiansen. Februari 1915 ikatoka na makaa ya Königsberg pamoja na silaha za Lettow-Vorbeck. Aprili 14 Hyacinth ikaifuma nje ya Tanga. Christiansen akaikimbiza Ghuba ya Manza, akaipandisha kwenye maji mafupi, akaingiza maji kwenye ngama na kuwasha mbao juu ya sitaha. Waingereza wakaona moto, wakaamini imekwisha, wakaondoka. Watu wa Manza na Wajerumani wakazamia na kutoa risasi sanduku kwa sanduku, wakazianika. Silaha hizo zilipigana miaka.

Makaa ya Königsberg yalibaki chini. Angalia #5, ni makaa yaleyale tena.

#35 Mndengereko Halisi
Aprili 1915 Königsberg ilikuwa imeshafungiwa mtoni miezi mitano, hata angeletewa makaa asingetoka. Julai 11 manowari za Mwingereza Severn na Mersey zikaimaliza. Hiyo haijibu Agosti na Septemba 1914.

#36 Fundi Boila
Inajibu. Waingereza waliwahi kununua makaa kwenye bandari za Wareno kabla ya wakala wa Kijerumani. Mpaka ikabidi yaletwe kutoka Ulaya kwa bendera ya uongo. Meli inayoletewa chakula kutoka Ulaya haikuwahi kuwa na nafasi ya kuwinda.

#37 Dada wa Kigamboni
Na ingekuwa na mlango wa Dar wazi, makaa ya reli yalikuwapo.

#38 Mvita Kongwe
Mzinga mmoja wa Königsberg uko hapa kwetu nje ya Fort Jesus, pamoja na wa Pegasus. Watalii wanapigia picha. Mkija niulizeni, nitawapeleka.

#39 Mmwera wa Lindi
Wakili nakuuliza la mwisho kabla sijalala. Machi 1, 1915 Mwingereza alitangaza mzingiro wa pwani yetu yote. Rubens ilipita Aprili. Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ikaingia Sudi, hapa kusini mwa Lindi, ikashusha mizinga na risasi, ikapigwa, ikaziba matundu na kutoroka mpaka Batavia, Jakarta ya leo. Ulisema Paris 1856 inataka mzingiro wa kweli. Meli mbili kubwa kupita, huo ni mzingiro au tangazo? Maana kama si mzingiro halali, majahazi yaliyokamatwa kwa jina lake yalikamatwa bila haki.

#40 Wakili wa Pwani
Mahakama hazikudai ukuta usiopitika. Zilidai hatari ya kweli kwa anayejaribu. Meli mbili katika mwaka mzima, moja ikiwa imebanwa mpaka ikapanda nchi kavu, hakimu wa London angesema mzingiro upo.

#41 Mpemba wa Wete
Hakimu wa London, sawa. Nahodha wa jahazi la Kilwa mwenye mtama na samaki wa ng'onda angesema nini, akiona Marie imepita na yeye kashikwa?

#42 Mmwera wa Lindi
Ndiyo swali langu hilohilo, Mpemba. Wakili, kesho ulete kesi moja ya jahazi kutoka ile mahakama ya Unguja, tuone walilipwa au walinyang'anywa.